Bi Mwanaidi Alikuwa Akitazama Mlango

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA UMOJA WA FARAJA, KISWERE, KILICHOFANYIKA TAREHE 14 JUNI 2025, BARAZANI KWA MWENYEKITI

Waliohudhuria: Bi Kazija (Mwenyekiti), Bi Zuwena (Katibu), Bi Restuta (kiongozi wa ziara za wafiwa), Bi Mwanaidi (mwanachama, ametoka eda wiki hii).

Wasiohudhuria: Bi Rosalia (yuko Njinjo anavuna ufuta, alitoa taarifa). Bwana Dadi (hakutoa taarifa, na hakuna aliyeshangaa).

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa kumi alasiri kwa dua, akampa pole Bi Mwanaidi. Bi Mwanaidi alijibu, "Nimeshapoa," kwa sauti ambayo haikumpoza mtu.

KUMB. NA. 2/2025: MALALAMIKO
Bi Mwanaidi alieleza kwamba baada ya kumzika mumewe, marehemu Salumu, wajumbe walimtembelea mara moja tu, wasirudi eda nzima. Alikumbusha kuwa mwenye eda hatoki kwenda kupiga hodi kwa watu. "Mngekuja hata kunisengenya mbele yangu, ningefurahi," alisema.

KUMB. NA. 3/2025: MAELEZO YA BI RESTUTA
Bi Restuta alieleza kwamba alifuata semina ya kufariji wafiwa, walikofundishwa kusoma mwili wa mtu, kwa kuwa mdomo husema "sijambo" hata pasipo ujambo. Alimwona mfiwa amekunja mikono, hawatazami wageni, macho yako mlangoni. Akaelewa kuwa wamemchosha, akawashauri wenzake wamwache apumzike. Mwenyekiti alisema kumpumzisha mtu miezi minne ni kumsusa. Bi Restuta alisema hakususa. Maneno hayo yalirudiwa sana. Katibu ameyaandika mara moja.

KUMB. NA. 4/2025: MAJIBU YA BI MWANAIDI
Bi Mwanaidi alisema Bi Restuta aliona sawasawa, ila hakuuliza. Saa zile ndizo marehemu alizokuwa akirudi, naye alikuwa na mzaha wa kupiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. "Nilikuwa nasikilizia hodi. Na mikono niliikunja kwa kuwa sina tena wa kumpakulia. Mlipoondoka, dada, niliitikia 'karibu' peke yangu."
Bi Restuta alilia. Mwenyekiti naye alilia, ingawa alisema ni moshi wa jikoni. Jikoni hakukuwa na moto.

KUMB. NA. 5/2025: AZIMIO
Kuuliza si ujinga. Iliazimiwa kwamba mjumbe akiona jambo mwilini mwa mfiwa, amuulize kabla ya kuaga.

KUMB. NA. 6/2025: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alimuuliza Bi Mwanaidi kama ana neno la ziada. Alisema hana, wajumbe waende zao, giza lisiwakute njiani. Ila yeye hakuinuka. Bi Restuta, aliyekwisha kuvaa kandambili, alimuuliza, "Dada, twende kweli, au tukae?"
Bi Mwanaidi alisogea, akaacha nafasi ya mtu mmoja mkekani. Bi Restuta alivua kandambili.

Kikao kilifungwa saa kumi na moja na nusu jioni, kwenye karatasi tu.

Kazija, Mwenyekiti ..................
Zuwena, Katibu ..................