Vichwa Saba vya Migebuka

Jumamosi. Mvua ilinyesha alfajiri, sasa jua linachoma, na mimi tangu asubuhi siwezi kukaa kitako.

Mama yake Belyse amefika!

Ngoja nianze vizuri. Mama Siwema, mwenye nyumba wangu hapa Rusimbi, ana mdogo wake aliyeolewa Burundi. Vurugu zilipoanza huko, mdogo mtu alimtanguliza bintiye Belyse, wa miaka sita, pamoja na majirani waliokuwa wanakimbia. Yeye akabaki kumtafuta mumewe.

Mtoto alifika hajui Kiswahili, na hata Kirundi chake alikuwa hakisemi. Mimi ni mwalimu, mtu wa Tanga, huu mwaka wa pili tangu nipangiwe huku, na utani sijawahi kuuacha. Nikamwambia, Mama Siwema akitafsiri, kwamba anayekula kichwa cha mgebuka, samaki wa ziwa letu, Kiswahili kinamwingia chenyewe.

Akala. Haukupita muda akawa anacheza rede na watoto wa mtaani, anabishana nao kwa Kiswahili na kuwashinda. Nilijiona bingwa! Watoto hutuamini kwa sababu ni sisi tunaojua ugali utaiva saa ngapi na njia ya shule ni ipi. Tukichomeka uongo humo katikati, nao unapita.

Kisha siku moja akaniuliza ale vichwa vingapi ili mama aje.

Nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikasema saba, bila hata kumtazama.

Naandika hili nikiona aibu. Kwa siku kadhaa nilimwona akitafuna mpaka mifupa, akihesabu kwa vidole, nami nikanyamaza. Niliogopa kumvunja moyo. Cha saba alikimaliza jana.

Na leo meli iliyowachukua wakimbizi kule Kagunga, mpakani, ikatia nanga, tukaenda bandarini kama tunavyokwenda kila meli ikija, na mama wa watu huyo anashuka, kitenge kimechanika, mzima! Mama Siwema alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Walisalimiana Kiha, mwidiwe, mwidiwe, wakipiga makofi taratibu na kulia. Mimi nililia kuliko wote, na wala si ndugu yao.

Belyse alipokwenda kunywa maji, mama yake alituambia kwa sauti ya chini. Alimpata mumewe, amekwisha kufa. Alimzika. Mtoto bado hajui.

Tulirudi nyumbani tukala. Katikati ya chakula Belyse akanigeukia mimi, si mama yake.

"Mwalimu, na baba? Vichwa vingapi?"

Mama yake alishika tonge mkononi, hakulipeleka kinywani. Ningeweza kutaja namba yoyote na mtoto angeanza kula.

"Belyse," nikasema, "yale ya vichwa niliyatunga. Samaki hawezi kumleta mtu. Nilikuwa nakutania, unisamehe."

Alinitazama. Akamtazama mama yake, akamshika mkono, akaanza kucheka.

"Mwalimu muongo! Mbona mama huyu hapa?"

Kesho baada ya chai mama yake atamwambia. Ameniomba niketi nao, kwa kuwa mtoto ananiamini mimi.