Hooyo, Hivi Ndivyo Kiini Kinavyoshikana

Hooyo wangu,

Tangu tukuzike, mchana wa Garissa umekuwa mrefu na wa usingizi. Nikisinzia baada ya adhuhuri nakusikia ukiniita "hooyo", vile mama wa Kisomali anavyomwita mtoto "mama", kwa jina lake yeye mwenyewe. Naitika. Nikifumbua macho ni feni tu inayozunguka darini.

Meza yako ya maziwa ya ngamia bado imefunikwa gunia. Kaka Abdi alikuwa ameamua nikae pale mimi, kwa kuwa kiti cha mama sokoni hukaliwa na binti mkubwa. "Hiyo masomo ya Nairobi itaisha lini? Hata hatujui ni ya nini," alisema. Na mwezi ujao ndio nasimama mbele ya maprofesa kuitetea tasnifu yangu.

Kweli, hata wewe hukujua. Uliposikia neno "nyuklia" uliwaambia wenzako wa sokoni nasomea bomu, na kila nikisafiri wakawa wananiombea dua nisilipuke. Ulipojua si bomu ulicheka mpaka ukajishika mbavu.

Juzi alasiri Abdi alikuwa uani akiifukiza mitungi yako kwa moshi wa kuni ili maziwa yasichache. Alikuwa akifanya vibaya, maskini, moshi wote unamwingia machoni. Nikamwambia, tazama. Nikaanza kuizunguka ile mitungi huku najizungusha mwenyewe pia, kama ulivyokuwa ukicheza harusini, shela ikipepea.

Nikamweleza: katikati ya kila atomi kuna kiini, na ndani ya kiini protoni na nyutroni huzunguka hivi, kila moja ikiwa pia na mzunguko wake yenyewe. Mizunguko hiyo miwili ikielekea upande mmoja, kiini huishika chembe hiyo zaidi na kuishusha kidogo. Ikipingana, huilegeza ikapanda. Kwa hiyo ngazi moja ya nishati hugawanyika kuwa mbili, mapengo yanajitokeza kati ya ngazi, na kiini kilichojaza ngazi zake hadi kwenye pengo, kwa protoni au nyutroni hamsini, au themanini na mbili, hutulia na hakivunjiki ovyo. Hicho tu ndicho ninachosomea, Hooyo. Kwa nini vitu vinashikana.

Nikageuka kinyume ili aone tofauti. Kizunguzungu kikanipiga, nikaegemea ukuta. Abdi hakucheka.

"Walahi umecheza kama hooyo," akasema, na machozi yakamtoka. Hata makaburini hakulia. Nikaketi chini kando yake tukalia wote, sijui kwa muda gani, Hooyo, nilikukosa mno.

Kisha akapangusa uso. "Wewe enda. Meza nitakaa mimi."

Unajua mwanamume hauzi maziwa pale. Leo asubuhi nimempitia: ameketi kati ya wanawake, kichwa chini, masikio yamemwiva kwa aibu, anapima maziwa. Wanamtania, naye hainuki.

Basi langu ni kesho. Allah akupanulie kaburi na akutilie nuru. Nakuahidi sitatetemeka mbele ya maprofesa. Na nikirudi nitakuja kuketi ulipolala, nikueleze tena polepole, tangu mwanzo, mpaka nami niweze kukuaga.

Binti yako,
Sahra