Jina Langu Kwenye Mkopo wa Bartholomew

Jumatatu, 8 Mei 2006
Benki wamesema bado. Mutheu, yule dada wa mikopo ya nyumba, ameangalia payslip yangu, akauliza kama nimemdhamini mtu. Ndio — Bartholomew, aliyekuwa akifundisha na sisi hapa Kola. Tulimdhamini kwa Sacco, chama chetu cha mikopo, mimi na walimu wenzangu Justus na Ndunge. Akaacha ualimu, akafungua hardware Kangundo, akaacha kulipa. Sasa Sacco inatukata sisi. Mutheu anasema mshahara ukikatwa hivyo hauwezi kubeba nyumba. Nimalizane na hiyo kwanza.

Na nyumba yenyewe! Iko Katoloni, vyumba viwili, tanki lake la maji. Hapa ninapopanga kwa Mzee Kitheka, akikasirika tu anafunga mfereji, hata kama niko na sabuni usoni.

Alhamisi, 18 Mei
Bartholomew hashiki simu yangu. Leo nimetumia ya Ndunge, akashika. Kusikia ni mimi: oh, Mwalimu Ndila, Mungu ni mwema, ni biashara tu iko chini kidogo. Nikamwuliza iko chini vipi na umenunua pickup? Akasema mtandao unapotea.

Justus anasema tuombe. Nikamwambia tutaomba tukiwa Kangundo.

Jumamosi, 20 Mei
Lo! Wacha niandike yote.

Tumeingia dukani kwake watatu, kila mtu na soda yake, tukakaa juu ya mifuko ya simiti. Alivyotuona akakimbilia stoo. Hatukupiga kelele. Mteja akiuliza tunangoja nini, Ndunge anajibu kwa upole kabisa: "Tunamngoja mwenye duka. Sisi ndio tunamlipia loni." Mama mmoja aliyekuja kununua mabati akashtuka. "Nyinyi mnalipa, yeye anauza?" Akarudisha pesa kwa kibeti, akatoka. Wengine wakamfuata.

Kisha bibi yake, Kasyoki, akaja kuona kwa nini duka limekauka. Hakuwa anajua lolote, maskini! Akamwita mumewe atoke stoo, akamwambia maneno ya Kikamba ambayo siwezi kuandika hapa. Akatuapia pickup itauzwa.

Niliogopa. Lakini sikuinuka.

Jumatano, 14 Juni
IMELIPWA! Yote! Kasyoki amemleta Bartholomew Sacco kama mtoto wa nasari. Hakutuangalia usoni. Ndunge amelia, mimi nimecheka, Justus anasema ni maombi. Sawa, na yawe maombi.

Ijumaa, 30 Juni
Payslip mpya. Safi! Nimeikunja, nikaikunjua, nikaikunja. Mwelu, msichana wangu, ameshachagua chumba chake na nyumba hajaiona.

Alhamisi, 6 Julai
Mutheu amesimama kunipa mkono. Amesimama! Benki imekubali. Kutia sahihi ni wiki ijayo. Akaniambia polepole, kama ndugu: mwalimu, mpaka siku hiyo usikope hata sufuria, na usimdhamini mtu. Tutaangalia tena.

Mzee Kitheka nimemsalimia kwa sauti mpaka akauliza kama niko mgonjwa.

Jumapili, 9 Julai
Mwaitu, mama yangu, amekuja kutoka Ekalakala bila kunijulisha, na Muema, kitinda mimba wetu. Nikajua wamekuja kunipongeza. Mama ameimba kutoka mlangoni! Ameniombea, ameshika kichwa changu, nimelia kama mtoto.

Halafu Muema akatoa fomu. Anataka loni ya mashine ya posho, asage unga wa watu. Imebaki mdhamini mmoja tu. Mwaitu akasema wewe sasa umefika, mshike mwenzako mkono.

Nikasema wacha niweke chai.

Niko jikoni. Maji yamechemka zamani. Nawasikia wakicheka, wanapanga mashine itakaa upande gani wa soko. Mwaitu ana furaha — sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike baba.

Sasa Muema anaita. Dada, hakuna kalamu huku?

Iko moja tu kwa hii nyumba. Ndiyo hii naandika nayo, na bado naandika