Usukani wa Pijo

Loresho, Jumapili ya kwanza ya Agosti. Sijafika nyumbani tangu Januari.

Mjukuu wangu Mwende,

Hamjambo huko? Mimi mzima, mgongo tu ndio unaolalamika. Mwambie nyanya yako blanketi limefika.

Umeuliza kwa nini nimenuna kwenye picha ya Pijo kuukuu ya mwajiri wangu. Ni wivu. Marehemu Musyoka, aliyekuwa dereva, alishika usukani, nami mtunza bustani nikasukuma, maana haikuwaka bila kusukumwa. Sote wawili tuliipenda, tukaing'arisha kila Jumapili.

"Leo niachie usukani," nilimwomba siku ya picha hiyo.

"Mzee, wewe una mabega, mimi nina masikio," akacheka. "Nani ataisikiliza injini?"

Tulimzika Mei. Sasa mwajiri ametia betri mpya, na usukani ni wangu. Jana niliiwasha peke yangu, nikatazama kioo: nyuma hakuna mtu. Musyoka alipotazama kioo hicho aliniona mimi, nimeinama, nasukuma na kunung'unika. Alikuwa na mwenzake nyuma. Kwa hilo namwonea wivu mpaka leo.

Nitafika wiki ya Krismasi. Mkinipiga picha, wewe usimame karibu nami.

Babu yako