Kasuku wa Kumfaa Mama

S.L.P. 318,
Kitengela.

14 Septemba 2003

Mpendwa mdogo wangu Dolphine,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa watu wote wa nyumba hii, pamoja na vumbi letu, ambalo nadhani limeingia hata ndani ya bahasha. Natumaini joto la Lodwar halijakumaliza na kwamba zamu za usiku hospitalini zimepungua kama ulivyoahidiwa. Na mgongo je? Ulisema unakusumbua ukiinua wagonjwa. Tafadhali usiinue peke yako, huna mgongo mwingine wa akiba.

Sisi hatujambo. Mpwa wako Nakhumicha amenipita urefu na sasa anavaa viatu vyangu bila kuomba. Mguu wa Mama unaendelea vizuri. Kliniki ya mwezi uliopita walimwondolea gongo moja, akabaki na lile lingine, ambalo analitumia zaidi kufukuzia kuku wa jirani yetu Syokau kuliko kutembelea.

Barua yako ilifika wiki mbili zilizopita. Uliniuliza mambo mawili: Mama atakuwa tayari lini kuhamia kwako Desemba, na ununue kasuku wa aina gani ili asiwe mpweke huko, kwa kuwa kila barua anayomwandikisha Nakhumicha imejaa habari za ndege wetu. Nimechelewa kujibu kwa sababu swali la kwanza lilinishinda. Acha nianze na la ndege.

Huyu wetu wa kijivu anaitwa Mstaafu. Jimale, yule mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa jirani yetu, alituachia mwaka 1998 alipohamia Garissa, pamoja na kibali chake kutoka kwa watu wa wanyamapori. Jina nilimpa mimi, kwa ajili ya koti lake la kijivu na ule mwendo wa kupima kila hatua, kama mzee anayefuatilia pensheni. Ana akili kuliko watu kadhaa ninaofanya nao kazi. Anaiga mlango wetu unavyolia, anaiga mbuzi, na anaiga Falis, mke wa Jimale, aliyekuwa akimwuliza kila mtu anayeingia kwake, "Umekula?" Lakini kasuku wa kijivu huchagua mtu mmoja, Dolphine, na hakuulizi maoni. Ninayesafisha tundu ni mimi. Ninayenunua karanga na mbegu za alizeti ni mimi. Aliyechaguliwa ni Wasike. Shemeji yako akisafiri siku tatu, ndege anaanza kujinyofoa manyoya ya kifua mpaka ngozi inaonekana. Tena wanaishi miaka hamsini. Ukimchukua leo, jiandae kumwandika kwenye urithi.

Kabla yake tuliwahi kuwa na wale wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa, niliowatoa Naivasha. Wanakaa wawili wawili, wanachambuana shingo asubuhi hadi jioni, nami nikadhani huo ni upole. Kumbe upole ni wa wao kwa wao. Walimng'ata Nakhumicha kidole mpaka akashonwa, na ndege mwingine akitua tu juu ya tundu lao wanamvuta mguu. Kelele wanazo, maneno hawana. Mama asingepata nafasi kwao, maana hawana haja na mtu wa tatu.

Syokau naye anaye mmoja wa porini, wa huku huku kwetu, wa kahawia, tumbo rangi ya chungwa. Kaka yake alimwokota akiwa kinda, mgunga ulipokatwa karibu na Isinya. Huyo hana makuu wala makelele, na akikuzoea anakulalia begani. Tatizo ni woga. Syokau akivaa kitambaa kipya kichwani, ndege anajificha nyuma ya bakuli lake siku nzima. Miaka minne hajasema neno. Syokau anasema afadhali, nyumbani kwake wasemaji wapo wa kutosha.

Halafu kuna baji, kasuku wadogo kama shomoro, wa bluu na wa manjano. Phylis, mwenzangu wa ofisini pale shamba la maua Isinya, anao sita. Wanaongea wao kwa wao kutwa nzima, wanakula kidogo, na hawaweki kinyongo. Unaweza kurudi umechoka, ukawapa maji na mtama ukalala, na kesho wakakupokea kama kawaida. Ukitaka mazungumzo ya maana, hapana. Ukitaka nyumba isiwe kimya, wanatosha kabisa.

Sasa nije kwenye swali lililonishinda. Ni mimi niliyekuandikia Juni nikuombe umchukue Mama. Nilisema ni kwa ajili ya baridi ya Julai na mguu wake. Sikukuambia ukweli wote, na jambo hilo limenikaa rohoni. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kukaa katikati.

Desturi yetu unaijua. Mama hakai chumba kimoja na mkwe wake wa kiume, hali naye meza moja, hamtazami usoni, wala hawazungumzi ana kwa ana. Ndiyo maana alipotoka hospitalini Wasike alimjengea kile chumba upande wa pili wa ua, chenye paa lake na mlango wake. Lakini ua ni mmoja na jiko ni moja. Huyu akitokea, yule anageukia ukuta. Kila neno lilipitia kwangu: mwambie hivi, mwulize vile. Narudi kutoka Isinya hoi, sijavua viatu, nakuta maneno ya siku nzima yamenipangia foleni. Kwako hakuna mkwe, nikasema, Mama atapumua na mimi nitapumua.

Kumbe nilipokuwa nangoja jibu lako, Mstaafu alikuwa ameingilia kazi yangu. Tundu lake linaning'inia kwenye veranda, katikati ya mlango wetu na wa Mama. Jioni moja akauliza kwa ile sauti ya Falis, "Umekula?" Mama alikuwa ameketi mlangoni pake akiwa ametupa mgongo. Wewe unajua adabu za Mama, hawezi kuulizwa salamu akanyamaza, hata na ndege. Akajibu, "Bado." Wasike akasikia kutoka nyuma ya nguzo, akamtuma Nakhumicha apeleke sahani. Baada ya kula Mama akasema, bado mgongo kwetu, "Mstaafu, ambia mwenye nyumba asante."

Ikawa ndiyo njia. "Mstaafu, uliza mama mguu umeamkaje." "Mstaafu, ambia mwenye nyumba hiyo kikohozi si ya kuchekea, aende dispensari." Mvua ya kwetu Kimilili, pundamilia walioingia kwenye mahindi ya Syokau, yote yalipitia kwa ndege. Nami nikaona wivu, sikufichi. Siku moja nilimsikia Mama akimweleza Mstaafu jinsi Baba alivyokaa siku mbili bila kusema na mtu baada ya kuuza ng'ombe wa mwisho ili mimi niende chuo. Mimi mwenyewe sikuwahi kuambiwa. Aliambiwa ndege, ili Wasike asikie.

Mwishoni mwa Agosti kaka yetu Wamalwa akatuma avokado za kwanza kutoka nyumbani. Mama akachagua ile nzuri zaidi, na kabla hajaionja akamkatia Mstaafu kipande kikubwa, kwa shukrani. Hakuna mtu hapa aliyejua kwamba avokado ni sumu kwa kasuku. Sisi watu wa avokado na chai tungejulia wapi? Kufika saa sita ndege alikuwa chini ya tundu, anahema mdomo wazi. Wasike akamfunga kwenye sweta yake, akamkimbiza Isinya kwa Nashon, yule daktari wa kuku, na huko akalazwa siku nne.

Mama hakula mchana wala jioni. Aliniambia, "Nimeua mdomo ya mwenye nyumba." Kesho yake nikamkuta amefungasha begi lake. Alitaka aje kwako wiki hiyo hiyo, wala asingoje Desemba.

Jioni hiyo nilikuwa jikoni nasonga ugali. Tundu lilikuwa pale pale, tupu, mlango wake wazi. Nikamsikia Mama: "Mstaafu, ambia mwenye nyumba anisamehe."

Nikaacha kusonga. Wasike akakohoa. "Mstaafu, ambia mama hakuna makosa. Hata mimi ningekupea hiyo avokado."

Wakaendelea hivyo, Dolphine, mmoja mlangoni na mwingine nyuma ya nguzo, wanazungumza na tundu tupu mpaka ugali wangu ukaungua. Nililia pale jikoni na wala si kwa moshi. Nilikuwa nimeona kwamba Mama hasimulii habari za ndege katika barua zake. Anasimulia habari za mtu ambaye hawezi kumtaja.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba hakuna kasuku wa kumfaa Mama huko. Ukimnunulia wa kijivu, mwenye maneno mia, nyuma yake hakutakuwa na anayesikiliza. Naomba unisamehe kwa kukuita nikiwa na hasira na sasa kukurudisha. Najua ulishatengeneza chumba na kununua godoro.

Nimejiuliza pia, wala usinikasirikie, kama huyo kasuku alikuwa wa Mama au wako. Hukuniuliza bei. Uliniuliza kama wanasalimu mtu akiingia. Mdogo wangu, mimi nimekuwa nikikuhesabu kuwa mwenye nguvu kwa sababu hulalamiki, na hilo ni kosa langu. Kama ni wako, usichukue wa kijivu. Kwa zamu zako atajinyofoa abaki uchi. Chukua baji wawili, uwaweke kivulini, na ukitoka kazini asubuhi nyumba haitakuwa kimya. Halafu Desemba uje wewe huku, ukae likizo yote.

Nimebakiza la mwisho. Mstaafu alirudi, amekonda lakini anapiga kelele. Jumapili iliyopita nilimsomea Mama barua yako. Jioni akatoka na gongo lake, akakaa mlangoni, akatupa mgongo. "Mstaafu," akasema, "uliza mwenye nyumba kama amechoka na mimi."

Ndege akauliza, "Umekula?" Hakuna aliyecheka. Wasike alichelewa kujibu mpaka nikataka kutoka nimjibie.

"Mstaafu, ambia mama fundi anakuja Jumamosi. Tunaongeza dirisha kwa chumba yake, upande wa jua ya asubuhi. Na dari, juu ya baridi ya Julai."

Asubuhi nilipompelekea Mama chai, begi lilikuwa chini ya kitanda, tupu, na nguo zake zote zimetundikwa ukutani.

Wasalimie wauguzi wenzako, hasa yule anayekupikia ukiwa zamu. Syokau anakusalimu. Nakhumicha anaomba umletee ushanga. Mama anasema ule vizuri na ufunge mlango. Wasike hajambo, na amenituma nikuambie kwamba Desemba utalala kwa Mama, kitanda cha dirishani. Mungu akulinde kila unapoingia wodini na kila unapotoka.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Naliaka