Babu wa Tuisheni

Shoga, pokea simu! Haya, hupokei, soma ujumbe basi.

Nimetoka kwenye mtihani wa kuongea Kiingereza sasa hivi. Nimeaibika. Nimeaibika, shoga!

Unamkumbuka yule babu wa kwenye hadithi tuliyokaririshwa? Yule eti aliyenifundisha kuogelea mtoni, ambaye mwalimu wa tuisheni alituapia kwamba anajibu swali lolote?

Basi mtahini, mama mmoja mpole, akaniuliza kuhusu jikoni kwetu. Jikoni! Nikamwingiza babu humo humo. Nikasema alikuwa anapenda kukaa jikoni akinisimulia habari za mto.

Yule mama akaweka kalamu chini. "Halafu mbwa akaja kukuokoa?"

Shoga, mbwa nilikuwa bado sijamfikia!

"Huyu babu tangu asubuhi amefundisha darasa zima kuogelea," akasema. "Sasa niambie kuhusu jikoni."

 Mimi, nesi mzima, wodini nimeshaaga niende kazi ng'ambo, mama ameshaninunulia sanduku la safari, nikashindwa kutaja hata sufuria!

Subiri, bado. Natoka nje, namkuta nani kwenye foleni? Mwalimu wa tuisheni! Kumbe naye anafanya mtihani! Kavaa suti, kitambulisho mkononi, midomo inamcheza.

Akaninong'oneza, "Vipi, babu amekubali?"

Nikamwambia, "Mwalimu, babu amezama. Na mbwa wake. Usimtaje kabisa!"

Akaitikia kwa kichwa. Akaitwa, akaingia.

Shoga, mlango haujafungwa vizuri. Hata kiti hajakalia, namsikia anaanza na babu.