Aliyekuja Kutengeneza Tanuri

Pelion, 22 Septemba

Kwa Bibi Polikseni, Lemnos,

Shikamoo Bibi. Natumaini mgongo umepoa na tanuri linawaka kama kawaida. Mimi mzima wa mwili. Akili ndiyo siwezi kuidhamini.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu hatuna. Wajukuu wa Hermes, yule mungu wa wezi na wasafiri, waliziiba zote wiki ya kwanza, wakazirudisha, wakaziiba tena, mpaka Mwalimu Mkuu, Bi Theano, akazifungia kabatini. Sasa wameiba kabati.

Bibi, hii shule ni ya vichaa! Wa ukoo wa Apolo wanaamka gizani kupiga vinubi, ati wanamwamsha babu yao jua. Wa ukoo wa Zeus akinyimwa nyama ya pili, radi inapiga bwalo. Jirani yangu wa kitanda, Marulia, ni wa Poseidoni, mungu wa bahari. Akiota ndoto mbaya, mabomba yanapasuka. "Samahani jamani," anasema, na mimi nimeshasimama kwenye maji na soksi zangu.

Kila mtu hapa ana swali moja tu: "Wewe wa nani?" Nikisema mimi wa Bibi Polikseni muoka mikate, wanaangua kicheko. Nimewekwa meza ya wasiojulikana, karibu na choo. Yule mwalimu aliyeniona kijijini nikitoa sinia la mikate tanurini kwa mikono mitupu alijua nina damu ya mungu, ila ya mungu yupi, hajui. Na sheria ndiyo hii: Jumapili ya Kanivali, ile ya mwisho kabla ya Kwaresima, kila mgeni anasimama mbele ya moto uwanjani, anamwita mzee wa ukoo wake kwa jina. Akiitikiwa, anabaki. Asipoitikiwa, anafunga virago.

Wiki ya kwanza ningevifunga mwenyewe. Lakini kuna karakana hapa, Bibi. Wameniacha nishike chuma chekundu nikikunje nitakavyo. Sijawahi kupenda kitu namna hii. Nataka kubaki. Basi niambie, babu yangu ni nani?

Na tafadhali usitume tena maji ya baraka. Chupa ilipasuka ofisini, sanamu zote zikapiga chafya.

Mjukuu wako,
Asimina


Lemnos, 3 Oktoba

Mjukuu wangu Asimina,

Marahaba. Mgongo unauma, asante kwa kuuliza. Tanuri linawaka. Paka amezaa ndani ya gunia la unga, na hilo nalo ni juu yangu.

Nakutumia mikate mikavu, mizeituni, soksi za sufu, flana mbili, na chupa nyingine ya maji ya baraka. Safari hii nimeifunga vizuri. Hizo sanamu zikipiga chafya, zivae flana.

Padri Anestis ameniuliza kama huko kuna kanisa. Nimemwambia uko shule ya ufundi. Usiniaibishe. Huyo mtoto wa radi akikusumbua, temea mate kifuani kwako mara tatu, kijicho kitarudi kwake.

Umeuliza kuhusu babu yako. Babu yako ni mtu aliyekuja, kisha akaondoka. Kula.

Bibi yako,
Polikseni


Pelion, 18 Novemba

Bibi,

Shikamoo. Hujambo? Mimi sijambo. Haya, salamu zimekwisha.

"Kula"? Nimekuuliza babu yangu ni nani, unaniambia KULA? Nimekula! Nimekula mpaka flana zinanibana!

Evagoras, huyo wa radi, ananiita mungu wa makombo. Ananifuata akichechemea, anaigiza mguu wangu huu mbovu, na genge lake linacheka. Debe tupu haliachi kuvuma, najua, ulinifundisha. Lakini wewe hulali naye jengo moja.

Nilitaka kubahatisha jina. Bi Theano akanikataza. Ukimwita asiye wako anakasirika. Mwaka jana kuna mvulana alibahatisha, akageuzwa mbuzi. Bado yupo. Juzi amekula insha yangu.

Baba angekuwa hai ningemuuliza yeye. Nimebaki na wewe tu. Usinizungushe, Bibi. Unaona aibu kwa ajili yangu, au kwa ajili yake?

Asimina


Lemnos, 12 Januari

Asimina,

Kila nikianza barua naichana. Karatasi zingekuwa unga, kijiji kingekula mpaka Pasaka.

Mimi sioni aibu ya mtu yeyote. Nina hasira, na hasira si aibu. Sikiliza, maana sitarudia.

Nilikuwa msichana, marehemu baba yangu ameniachia tanuri lililopasuka. Siku ya theluji akaja mwanamume, mabega kama mlango, anachechemea, mfuko wa nyundo begani. Akasema, "Nimesikia tanuri lako linalia." Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, mimi nilimpa tanuri. Akalijenga upya. Akala maharage yangu yote. Hakuwa mzuri wa sura, ila alikuwa ananisikiliza nikiongea, na wewe unajua ninavyoongea. Tanuri alilolijenga halikuzimika tena, mvua wala upepo. Ndipo nikamjua. Hapa Lemnos nani asiyemjua? Ni Hefesto, mungu wa moto na nyundo, yule ambaye baba yake alimtupa kutoka juu akaangukia kisiwani kwetu. Mguu wako haukuvunjika ulipoanguka mtini kama nilivyokuambia, mwanangu. Ni wake.

Asubuhi moja niliamka hayupo. Alipita ndani ya moto, akaenda, bila hata "kaa salama". Baba yako alikuwa tumboni. Padri nilimwambia ni fundi wa kutoka bara. Tangu siku hiyo niliapa jina lake halitanitoka mdomoni, na kweli, limetoka leo tu, tena kwa wino.

Sasa umejua. Lakini sitaki usimame mbele ya watu umwombe yule akukubali. Sisi hatukumwomba. Rudi nyumbani, tutaoka.

Na tanuri limezimika, siku ya Epifania. Nimelipulizia mpaka nimeona nyota. Halitaki.

Bibi yako


Pelion, Jumapili ya Kanivali, jioni

Bibi,

Shikamoo. Usiulize hali yangu.

Nilisimama. Najua ulinikataza. Uwanja umejaa, wote na vinyago vyao vya Kanivali, hata mbuzi wamemvika kofia. Marulia aliita, chemchemi ikaruka juu ya paa. Zamu yangu ikafika saa sita.

Niliita, "Hefesto!" Nikaita tena. Moto hata haukutikisika. Mara ya tatu niliita kwa sauti iliyopasuka, na Evagoras akajibu kwa sauti nene, "Hayupo, ametoka kununua mkate!" Walicheka, Bibi. Hata walimu wawili walicheka.

Ulisema kweli. Huyo ni mtu wa kuja na kuondoka. Naondoka hapa Alhamisi. Usinipokee bandarini, nitalia, na sitaki nilie mbele ya wauza samaki.

Asimina wako


Lemnos, Jumatatu Safi

Mjukuu wangu Asimina,

Barua hii haiji kwa posta. Kabla hujaendelea kusoma, mtazame aliyekupa. Mtazame mguu.

Sasa tulia nikueleze, na kama ni kukasirika, kasirika na mimi.

Jana alfajiri nilishindwa na moyo. Nikatia kichwa ndani ya tanuri baridi, nikamtukana matusi yote niliyoyaweka tangu ujana wangu. Nikamwambia, una mjukuu, leo atakuita, ole wako usipoitika! Kumbe tanuri halimfikishii maneno, linamfikishia kelele tu. Akatoka humo ndani, majivu mpaka kwenye nyusi, na swali lake la kwanza, "Tanuri limekuwaje?"

Mimi nami, nilipoona nyundo, nikaona Jumatatu Safi tu, mengine yote yakanitoka. Kijiji kizima kinangoja mikate bapa ya kufungulia Kwaresima, na mimi sina moto! Nikamwambia, anza kazi. Saa sita akainua kichwa. "Kuna mtu ananiita." Nikamwambia, "Maliza kwanza! Nyumba hii ulishaiacha na kazi nusu mara moja." Akainua tena. Nikamrudisha. Mara ya tatu nilimgombeza.

Jioni moto ulipowaka ndipo nikakumbuka ni Jumapili gani. Nilikaa juu ya gunia la unga nikalia kwa sauti. Akaniuliza nani alikuwa anaita. Nikamwambia, "Mjukuu wako." Akasema, "Nina mjukuu?" Nikamwambia, "Ulikuwa na mwana pia." Nyundo ikamdondoka, Asimina. Amekaa usiku kucha ananiuliza habari za baba yako, na mimi nikikanda unga nikimjibu.

Asubuhi alitaka kupita kwenye moto. Nikamwambia, thubutu! Safari hii utatokea mlangoni, mchana kweupe, majirani wakikuona, na utapanda meli kama watu. Ndiyo maana amechelewa. Padri Anestis alikuwa dirishani. Na amwone.

Huo mkate alioshika ni wako, usimgawie huyo wa radi. Kumwomba hukumwomba, ulimwita, na kuchelewa ni kosa langu. Ana neno moja la kukwambia, "Nimeitika", nimemkaririsha mpaka bandarini. Alisemee uwanjani, mbele ya wote wanaokucheka.

Wewe baki na chuma chako. Yeye mrudishe huku, kwa meli. Mlango wa tanuri unakwaruza kidogo.

Bibi yako,
Polikseni